Boriti za Mama

Kaka yake alimwambia mapema, tena mbele ya mafundi: "Dada, chumba cha kuchachushia nipigie lipu laini juu mpaka chini, nikisugue nipendavyo. Miti ya zamani humo sitaki." Walimwita Povu tangu alipoanza kupika bia kwenye sufuria za mama yao, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini dada mtu, msanifu wa majengo, alishaichora picha kichwani, na mtu akiipenda picha yake mwenyewe, masikio huenda likizo.

Alitaka kiwanda kidogo pale shambani, kuta za udongo wa palepale, sakafu ya mawe ya zizi lililobomoka, na juu, boriti nyeusi za nyumba ya mama yao. Baba yao alizikata mwenyewe, na moshi wa jiko ukazilea miaka yote ile. "Nyumba haifi, mama," alimbembeleza. "Inahamia tu kwa mwanao. Nawe utakaa kwa Povu, uoge maji ya moto."

Mama alizunguka chumba chake, akashika mlango, akashusha pumzi. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma." Msanifu alisikia ile "haya" tu, akaona inatosha.

Paa likashushwa. Boriti zilizidi upana wa chumba cha bia, basi akaagiza zote zipunguzwe. Seremala alipouliza vipande vifanywe nini, akamwambia atengeneze vigoda vya wanywaji. Akajisifu kwamba hakuna kilichopotea.

Kiwanda kilipendeza, usiseme. Kipya kinyemi. Kisha bia ikaanza kutoka kali kama siki. Povu, ambaye bia yake huchachuka katika mapipa yasiyofunikwa, akayasugua, akabadilisha hamira, akamwaga na kupika upya, wapi! Mwishowe akapanda ngazi, akapitisha kidole kwenye nyufa za boriti. Kikatoka na ukungu ulionona kwa mvuke. "Huu ndio unaoniangukia mapipani, Dada," alisema bila kugomba. Afadhali angegomba.

Boriti zikateremshwa, zikalazwa kwenye nyasi. Msanifu alikuwa anazitazama mama yao alipotoka chumba cha nyuma kwa Povu. Siku ya ufunguzi hakuwa na uso wenye furaha kama ule.

"Kwa hiyo hazitakiwi tena?"

"Hazitakiwi, mama."

"Mungu mkubwa! Sikutaka kuwaudhi, wanangu, lakini kwangu ni kwangu, hata kukiwa kichaka. Kuta zangu za mawe bado zimesimama. Mwiteni seremala azirudishe."

Akainama, akaanza kuzifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake. Hii ilikuwa ya sebuleni, hii ya juu ya kitanda, ile baba yenu ilimwangukia mguuni akatukana mpaka jioni. Alicheka peke yake.

Msanifu alikuwa na vipimo vyote kichwani. Hakuna hata boriti moja ambayo ingefika ukuta wa pili. Alijuta, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mama yake aliuliza kwa furaha.

"Njoo tuinue hii, ushike upande huo."

Akaenda, akainama upande uliokatwa, akaufunika kwa viganja vyake viwili.