Fainali Iliyoyeyuka

Watu wa Dunvale wakianza kukusimulia habari za timu yao ya vijana ya hoki ya barafuni, hawaanzi na vikombe. Vikombe wanavyo, vimepangwa kwenye kabati la vioo mlangoni mwa uwanja wa barafu, lakini wanavipita. Wanaanza na mwaka ambao mechi ya mwisho ya fainali haikuchezwa, na wakifika hapo lazima wamtaje Nestor Hawryluk, aliyekuwa nahodha.

Nestor alikuwa mtoto wa wakulima wa ngano, mrefu, mwepesi wa miguu na mzito wa maneno. Timu ilipewa jina la ndege mwari, wale weupe wenye mfuko chini ya mdomo ambao hutua ziwani Dunvale kila theluji inapoondoka, na Nestor alikuwa ameivaa fulana yenye picha ya ndege huyo tangu akiwa na miaka kumi na sita. Sheria ya ligi ya vijana haina huruma: ukitimiza ishirini, umekwisha. Yeye angetimiza mwezi wa Aprili. Hakuna timu kubwa iliyomtafuta. Kwa hiyo mechi ya saba dhidi ya timu ya mji wa Carrick, ile ya kuamua kombe baada ya kila upande kushinda tatu, ndiyo ingekuwa ya mwisho maishani mwake. Alilijua jambo hilo kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Hakulisema, lakini ulimi haukuacha kuligusa.

Basi liliondoka baada ya chakula cha mchana, mbingu zikiwa na rangi ya bati. Kufika nusu ya safari upepo ukageuka, na theluji ikaanza kupita ubavuni mwa madirisha, si kwa kudondoka bali kwa kukimbia, kama iliyochelewa mahali.

"Kocha, tukifika Carrick utaniamsha?" aliuliza Dunc Abernathy, kipa, akivuta kofia machoni.

"Akuamshe kwa nini?" sauti ikatoka kiti cha nyuma. "Msimu mzima umelala golini na hakuna aliyekuamsha."

Wakacheka. Kocha Gaudry hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na dereva, mzee Thorvald, ambaye alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kioo.

"Barabara siioni tena," alisema Thorvald. "Naendesha kwa kukumbuka."

"Basi kumbuka taratibu."

Akakumbuka taratibu, mpaka basi lenyewe likainama upande mmoja, polepole kama ng'ombe anayejilaza, likatulia mtaroni. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Nestor akafuta kioo kwa kiganja. Nje hapakuwa na mbingu wala ardhi, wala mstari wa kuzitenga. Ilikuwa kama kufumbua macho ndani ya maziwa.

Walikaa hivyo muda ambao baadaye hakuna aliyeweza kuupima. Pumzi zao zikaganda kwenye vioo. Wakavaa vifaa vyote vya mchezo juu ya nguo zao, kinga za mabega, kinga za magoti, na wakakaa wamebanana, wanene na kimya. Kisha kichwa cha farasi kikatokea mlangoni, nyusi zake nyeupe kwa barafu, na nyuma yake kijana mwenye koti jeusi na kofia ya manyoya.

"Mko wangapi?" aliuliza. Lafudhi yake ilikuwa ya Kijerumani.

"Basi zima," alijibu Gaudry.

"Shikeni kamba hii. Atakayeiachia tutamwona mwezi wa tano."

Wakaishika. Nestor alikuwa wa mwisho. Alichokiona mbele yake ni mgongo wa Dunc tu, na kamba, na mara nyingine mgongo wenyewe ulifutika ikabaki kamba inayoingia ndani ya weupe. Kwa mbali kengele ililia, ikapotea, ikalia upande mwingine. Aliwaza kwamba huenda amekwisha kufa, na akashangaa kuona wazo hilo halimtishi.

Kijana yule aliitwa Jerg Stahl, na mahali alipowapeleka ni makazi ya Wahuteri. Watu wale walikuwa wamehamia sehemu zile miaka michache nyuma, wakanunua mashamba, wakaishi kwa mali ya pamoja, chungu kimoja na mfuko mmoja, na mavazi yao meusi na dini yao ya kale. Mjini Dunvale walisemwa sana. Baba yake Nestor alikuwa akisema mezani kwamba watu hao wataimeza nchi nzima kipande kwa kipande. Nestor mwenyewe hakuwa amewahi kusema neno na hata mmoja wao.

Waliingizwa kwenye bwalo refu lenye joto. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, vichwa vya wanawake vimefungwa vitambaa vyeusi vyenye madoa meupe. Hakuna aliyewakodolea macho. Ikaja supu ya tambi, mkate, bata bukini wa kuokwa, kabichi. Watu wakala haraka bila mazungumzo, mhubiri akasimama kushukuru, na sahani zikaondolewa. Dunc alibaki ameshika uma hewani.

"Unakula kama hivyo kila siku?" aliuliza mama mmoja mnene aliyechukua sahani yake, Bibi Rahel, mkuu wa jikoni. "Huku utakufa njaa, mwanangu. Kesho anza kabla ya sala haijaisha."

Kocha Gaudry akamwendea mhubiri, Zacharias Entz, mzee mwenye ndevu za kijivu na macho ya upole. "Mzee, naomba simu. Mechi yetu ni leo saa mbili usiku."

"Nyaya zimekatika," alisema mhubiri.

"Watatuhesabu tumekimbia."

"Wao wenyewe sasa wamekaa wanatazama dirisha. Dhoruba haina timu, bwana. Kaa unywe chai."

Dhoruba ilikaa. Vijana walilazwa shuleni, chini ya mafarishi yaliyojazwa manyoya ya bata, mazito na mepesi kwa pamoja, na usingizi walioupata humo hawakuupata tena popote. Mchana na usiku vilitofautiana kidogo tu. Mwanga ulikuwa mmoja, wa kijivu cha maziwa, usiotoka upande wowote. Jioni watu walikusanyika kwa ibada. Mhubiri alitamka mstari, na mkutano mzima ukauimba kwa sauti nene isiyo na haraka, kisha mstari mwingine. Nestor hakuelewa neno. Alikaa benchi la nyuma, akaona mawazo ya mechi yakimtoka moja moja, kama watu wanaoaga karamuni.

Mchana alikwenda zizini kusaidia. Kazi ya ng'ombe aliijua. Alikaa kigodani akikamua, na Jerg akikamua ng'ombe wa jirani, wakiwa hawaonani isipokuwa miguu.

"Wewe ndiye Hawryluk," alisema Jerg. "Yule anayepiga kwa kushoto."

"Umejuaje?"

"Redio kwetu ni mwiko, lakini lori linaloleta chakula cha kuku linayo. Dereva wake anapenda kahawa, anakawia sana jikoni."

"Mhubiri anajua?"

"Mhubiri anajua kila kitu. Ila vingine bado havijamfikia rasmi."

Nestor akacheka, na ng'ombe akageuza kichwa kumtazama.

"Ni kweli mkitimiza ishirini wanawatoa?" aliuliza Jerg.

"Kweli. Mimi mwezi ujao."

"Ajabu. Mimi pia natimiza mwezi ujao, ila kwetu ishirini ndipo unaanza kufaa. Unabatizwa, unaoa, unafuga ndevu." Maziwa yakalia ndooni kidogo. "Na kuteleza barafuni ndio basi. Mwenye ndevu hatelezi."

"Kwani wewe unateleza?"

Jerg aliacha kukamua. Aliinuka, akaenda kwenye sanduku la shayiri, akazamisha mkono mpaka begani, akatoa jozi ya viatu vya zamani vilivyofungiwa makali chini. Makali hayo hayakutoka dukani. Yalikuwa ya mashine ya kukatia majani, yamefuliwa upya kwa mhunzi, yamenyooshwa na kunolewa kwa subira ya mtu anayefanya jambo kwa siri. Nestor aliyapitishia kidole, akarudisha viatu kwa mikono miwili.

Kisha asubuhi moja waliamka wakasikia kimya. Upepo umekoma. Jua lilikuwa limetoka na pande zake mbili majua mengine mawili madogo, kama linavyofanya kwenye baridi kali, na nyuma ya zizi dhoruba ilikuwa imelifagia bwawa mpaka likabaki jeusi na tupu, linang'aa kama kioo cha taa. Trekta za serikali hazikuwa zimefungua barabara. Kocha Gaudry alisimama ukingoni, akatema mate, akatazama saa yake ambayo tangu juzi haikuwa na kazi.

"Vaeni," alisema. "Miguu isije ikasahau."

Magoli yakawa madebe ya maziwa. Vijana wa Mwari wakaanza kuzunguka, na haukupita muda ukingo ukajaa watoto, kisha vijana wenye mikanda ya mabega, kisha Jerg na viatu vyake, na nyuma yake wengine watatu wenye vyao. Inaelekea sanduku la shayiri halikuwa la mmoja. Wakagawana bila kuchaguana, makoti meusi na fulana nyeupe vikachanganyika.

Walikuwa wamecheza kidogo tu pale mhubiri alipotokea. Wote wakasimama. Kisahani cha mpira mweusi walichokuwa wakikipiga kwa magongo kiliendelea kuteleza peke yake mpaka kikagota debe. Mzee Entz alitazama viatu vya Jerg muda mrefu. Akatazama jua na majua yake.

"Kengele ya kazi bado haijalia," alisema hatimaye. "Ikilia nitataka kuona watu kazini." Akageuka, akarudi alikotoka, mikono mgongoni.

Kengele siku ile ilichelewa.

Nestor hakuweza kueleza vizuri baadaye jinsi walivyocheza. Hakuna aliyehesabu magoli. Alikumbuka sauti, makali yakikata barafu isiyo na kuta za kurudisha mwangwi, kila mkwaruzo ukienda zake nyikani bila kurudi. Alikumbuka Jerg akimjia, akimpokonya kisahani kwa ujanja usiofundishwa na kocha yeyote, na yeye akimfukuza bila kutaka kumfikia. Alikumbuka akina mama ukingoni, madoa meupe ya vitambaa vyao, na Bibi Rahel akimwita Dunc, "Wewe mla polepole, angalia kulia," na Dunc akiangalia kushoto, goli likiingia. Aliteleza mpaka mwisho wa bwawa ambako matete yameganda, akajiacha aende tu, bila kusukuma, mgongo kwa wenzake, jua usoni. Hapo ndipo lile jino lilipoacha kuuma. Alingoja lirudi. Halikurudi.

Jioni upepo ulihama ukaja wa magharibi, wenye vuguvugu. Mapaa yakaanza kudondosha maji. Siku tatu baadaye, vuguvugu likizidi, barabara ilifunguliwa, basi likavutwa kwa farasi na trekta, na Bibi Rahel akawajazia viti mikate. Jerg na Nestor walipeana mikono. "Mwezi ujao basi," alisema Jerg. "Mwezi ujao," alisema Nestor.

Carrick ulikuwa mji maskini kuliko Dunvale. Uwanja wake ulikuwa na paa lakini hauna mashine ya kugandishia. Barafu yao walipewa na Mungu, na Mungu ndiye aliyeichukua. Vijana wa Mwari walipoingia na mizigo yao begani, waliwakuta wenyeji wamekaa juu ya ukuta mfupi wa mbao unaozunguka uwanja, suruali zimekunjwa, miguu ndani ya maji. Uwanja mzima ulikuwa dimbwi, na taa za dari zimelala ndani yake.

"Mmechelewa," alisema nahodha wa Carrick.

"Naona," alisema Nestor.

Mtu wa ligi alikuwepo, na makocha wote wawili. Walizungumza muda mrefu. Dunvale barafu ilikuwa imekwisha pia, wakulima walikuwa wanawahitaji watoto wao mashambani, na hakukuwa na sheria iliyosema kitu juu ya maji. Ikaamuliwa kombe la mwaka ule lisiandikwe jina. Wapo waliolia, na Dunc alikuwa mmoja wao. Nestor alivua viatu, akaingia majini mpaka katikati ya uwanja, nahodha mwenzake akaja kutoka upande wa pili, wakapeana mikono pale ambapo mechi ingeanzia. Maji yalikuwa baridi ya kung'ata. Walitazamana wakaanza kucheka, na kicheko kikapanda paani kikakaa huko.

Nestor alirudi shambani kwa baba yake kama ilivyopangwa. Jerg alibatizwa, akaoa mwaka uliofuata, na walipokutana sokoni walizungumza bei ya nguruwe. Kila majira ya baridi Mwari walipokuwa na nafasi walipita kwenye bwawa lile kucheza, na desturi hiyo ikadumu mpaka makazi yalipogawanyika na vijana wengi wakahamia kwingine.

Kiangazi cha mwaka uleule wa dhoruba, jirani mmoja alifika jikoni kwa akina Hawryluk. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akitafuta watu wa kukubaliana wasiwauzie Wahuteri ardhi tena. Mzee Hawryluk alikuwa tayari kutoa neno lake. Akamtazama mwanawe.

"Mimi simo," alisema Nestor. "Nimekula kwao."

Jirani akatabasamu. "Chakula tu, kijana."

"Chakula, na kitanda, na kamba."

Mzee akazungusha kikombe chake cha chai. "Umemsikia," alimwambia jirani mwishowe. "Amekula. Nimfanyeje?"

Jirani alipoondoka, baba na mwana walikwenda kusimama mlangoni. Ngano ilikuwa ya kijani bado, ikipepea mpaka ukomo wa macho.

"Mimi nilikuwa nateleza," alisema mzee ghafla. "Kule kwetu, kabla ya meli kutuleta. Mtoni. Tulifunga mifupa ya ng'ombe chini ya viatu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuwa na muda. Ulikuwa na mechi."

Wakasimama pale, mzee akimweleza habari za mto, upana wake, na mahali ambapo barafu ilikuwa nyembamba, mpaka mbu walipowazidi wakaingia ndani.