Kipimo cha Shemeji

Msusi alikuwa na hisa za kampuni changa ya betri. Kampuni ilikua haraka, ila bei yake ilipanda na kushuka kama homa ya mtoto. Wenzake saluni walimwona bingwa, maana kila alipoongeza hisa, hazikukawia kupanda. Wala hakuwa na ubingwa wowote. Grafu hakuzijua kichwa wala miguu. Alikuwa na shemeji.

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, alinunua bei ikiwa juu, akijigamba mpaka mate yanamruka. Ikishuka, aliingia saluni roho mkononi, akaapa kwamba kampuni imekwisha, akauza zote. Hapo ndipo msusi alipofuta mafuta mikononi, akachukua simu, akanunua nyingine.

Wiki hii bei iliporomoka tena. Shemeji akaja, akavuta kiti, akaketi kwa utulivu wa kutisha.

"Umeuza, shemeji?" msusi akauliza.

"Siuzi ng'o. Nimechoka kukurupuka, nataka niwe kama wewe. Hebu niambie, kabla ya kununua huwa unatazama nini?"

Msusi alimalizia kwanza msuko aliokuwa ameushika. Kudanganya hakuweza, alilelewa vizuri.

"Nakutazama wewe."

Shemeji akavimba kichwa. Aliondoka akipiga mluzi, hana wasiwasi hata chembe, na bei ikaendelea kushuka bila mtu wa kuipigia kelele.

Jioni msusi akamwambia mumewe, "Mpigie simu mdogo wako. Mtishe kidogo."