Mstari Kwenye Ubao wa Mama

Watu walimwita Bwana Thamani, na mwenyewe jina hilo alilipenda. Ukimletea picha ya kuchapwa, hakuitazama kwanza picha yenyewe. Aliinama na lenzi yake pembeni chini, penye maandishi ya penseli, aone ni nakala ya ngapi kati ya ngapi, na sahihi ni ya nani. Hapo ndipo alipojikohoza kwa maringo na kutaja bei. Nyumbani alikuwa na droo pana zilizojaa karatasi ambazo hata mkewe hakuruhusiwa kuzigusa.

Fundi hasa alikuwa mdogo wake wa kike. Alichonga ubao, akaupaka wino kwa rola, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka picha itoke. Safari moja alimchonga mama yao ameinamia cherehani, uzi mdomoni. Mama na kamera walikuwa hawapatani kabisa. Ukimwelekezea simu, aligeuza uso au alijifunika kitambaa alichokuwa akishona. Ni kwa ajili ya ubao ule tu alikubali kutazamwa.

Zilipochapwa nakala kumi, Bwana Thamani akaja na ushauri wake: ubao uharibiwe. Nani atatoa hela ya maana akijua kesho zitachapwa nyingine? Ndivyo biashara hiyo inavyokwenda, hakudanganya. Mdogo mtu akashika msumari, lakini mkono ukamgomea. Basi kaka akauchukua, akaukwaruza ubao kutoka kona hadi kona, huku akimtania kwamba fundi mzima anaogopa mbao. Mama alikuwa chumba cha pili, anashona.

Picha zikagombaniwa. Dada alitaka abaki na moja. Kaka akambembeleza mpaka akaiuza, maadamu soko limechangamka. Ya kwake mwenyewe aliiuza mwisho, na kila alipokaa akaisimulia bei yake.

Kisha mama akafariki, na nyumba nzima haikuwa na sura yake hata moja. Kaka akaahidi msibani kwamba atairudisha picha moja kwa gharama yoyote. Akawapigia wanunuzi wote, mmoja baada ya mwingine. Wote wakakataa. Wa mwisho alimkumbusha, kwa heshima zote, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia asiiuze kamwe, kwa kuwa ubao umeshakufa. Bwana Thamani akabaki ameshika simu, anajuta.

Akaenda kwa mdogo wake kukiri kwamba ameshindwa. Akamkuta na wino mikononi. Ule ubao ulikuwa mezani, na kando yake karatasi mbichi. Mama alikuwepo, na cherehani yake, na uzi wake. Mstari mweupe wa ule msumari umemkata jicho na shavu hadi kwenye vidole.

"Hii ina thamani gani?" dada akauliza.

Hakuweza kuinua uso. "Sokoni haina kitu," akasema. "Nipe mimi, mdogo wangu. Nakuomba."

Dada akatia sahihi yake kwa penseli. Namba hakuandika. Kisha akamsogezea kaka yake ile penseli.

"Weka na yako. Mama nimemchonga mimi, kaka. Mstari ni wako."

Kaka akainama pale pembeni chini, mahali alipozoea kuanzia, akaandika jina alilopewa na mama.