Likizo ya Dereva wa Theluji

Kudo Shigeo na mkewe Fumie walishuka botini katikati ya Januari. Upepo wa kaskazini ulikuwa ukivuma, na sisi watu wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, tulikuwa tumejikunyata ndani ya masweta. Shigeo alivaa fulana ya mikono mifupi. Alinitazama nilivyojifunga skafu hadi masikioni, akauliza kama naumwa.

"Siumwi, ni baridi," nikamjibu.

"Hii? Kwetu Hokkaido, kaskazini kabisa, hii ni siku ya kuanika magodoro."

"Basi zunguka hivyo hivyo, Bwana Kudo, utuaibishe kijiji kizima."

Nyumba yangu ya wageni ina vyumba vitatu na baraza linalotazama shamba la miwa. Wakati wa baridi hapa hakuna cha kufanya: unakunywa chai ya asumini, unamumunya kipande cha sukari nyeusi, unalala. Ndivyo daktari alivyomwagiza Shigeo baada ya moyo kumsumbua. Lakini tangu ujana wake alikuwa dereva wa greda la kusukuma theluji, na mwili haukujua kazi imekwisha. Asubuhi ya kwanza, kabla hata majogoo hawajawika, nilimkuta langoni amevaa buti, anakagua mawingu.

"Unatafuta nini huko juu?"

"Mazoea tu," akasema kwa haya.

Kila siku alimpigia simu Minami, msichana wa kazini aliyepewa greda lake. Barabara ya zahanati ikoje? Minyororo ya magurudumu umeikaza? Huku nyuma supu yake inapoa, na Fumie anaitazama inavyopoa.

Siku moja tulikuwa jikoni tunamenya viazi vitamu, Fumie akaniambia, "Dada Toyo, ndoa yetu imezeeka, lakini majira ya baridi sijawahi kula chakula cha asubuhi na huyu bwana. Anatoka usiku, akirudi analala. Nikasema huku nitampata. Kumbe nimesafiri na simu."

Kisha redio ikatangaza dhoruba kubwa ya theluji kule kwao. Shigeo akaanza kufunga begi. Nikamwambia boti hazitoki, bahari imechafuka. Aliendelea kukunja nguo.

"Nani atafungua barabara ya zahanati?" akauliza.

"Minami," alisema mkewe.

"Minami ni mtoto."

"Na wewe ulipoanza ulikuwa babu?" Fumie alimkaribia. "Shigeo, ukianguka ndani ya lile greda, mimi nani atanipigia simu?"

Mzee aliliacha shati alilokuwa amelishika.

Kesho yake alimpigia Minami, simu ikaita tu. Akapiga tena na tena. Mpaka jua lilipopanda ndipo binti alipopiga mwenyewe, na sauti yake nikaisikia nikiwa jikoni.

"Babu, nimefungua! Zahanati, shule, mpaka darajani! Ila nimekigonga kisanduku cha barua cha Bi Sawada."

Shigeo akaketi. "Hata mimi nimewahi kukigonga. Mara mbili. Kimekaa vibaya kile."

Binti akacheka, naye akacheka. Lakini alipokata simu uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi kwake akakuta kiti chake kimekaliwa. Fumie alimsogezea bakuli. Mzee akanywa.

"Supu ina chumvi."

"Ni ileile ya kila siku. Leo ndiyo umeionja."

Baada ya hapo akajinyoosha barazani juani, akalala mdomo wazi mpaka alasiri. Fumie alimfunika miguu kwa sweta langu, nami sikumdai.

Boti zilipoanza tena kutoka, nilikwenda kuwaambia. Niliwakuta kwenye njia ya mashambani, wanatembea polepole chini ya miti ya sakura, ambayo kwetu huchanua wakati wa baridi, maua yake ya rangi ya waridi yamefunguka.

"Kesho kuna boti," nikasema.

Shigeo akamtazama mkewe, akanigeukia. "Bi Toyo, chumba chetu kina mgeni mwezi ujao?"

"Hakina."

"Basi usikitafutie."

Fumie akageukia miwa ghafla, akajifanya kuna kitu anakiangalia.

Walikaa mpaka muwa wa mwisho ulipokatwa. Siku nyingine Minami alipiga asubuhi kutaka ushauri, simu ikapokelewa na Fumie.

"Bado amelala, mwanangu," alimwambia. "Tukishakula atakupigia."