Spika wa Jikoni, Koekelberg

Ninaandika haya kwa heshima zote zinazostahili bunge, ingawa Spika nilikuwa mimi, msichana wa miaka kumi na sita, maarufu bwenini kwa kutia chumvi kwenye bakuli za sukari.

Mjomba wangu, Tonton Kabamba, alitoka Lubumbashi kusomea sheria Montréal. Huko akatetea wapangaji waliofukuzwa nyumbani, hadi wakamchagua awe mbunge wa Kanada. Mwaka 2010 baba yake alifariki hapa Brussels, mtaani kwetu Koekelberg. Siku ya mazishi kulikuwa na kura bungeni. Tonton akabaki kupiga kura. Tangu hapo mama yake, bibi yangu Koko Berthe, hakumsemesha. Miaka mitatu.

Sasa Tonton alikuwa jikoni kwetu, ndege yake ikiondoka jioni ileile, na Koko akichambua lengalenga.

"Shekinah, umuambie huyu muntu chai inapoa."

Tonton akatabasamu kwa huzuni. "Hata bungeni njo hivi. Hatusemeshane. Kila neno linapita kwa Spika, na hatutaje jina ya muntu, tunataja jimbo yake."

Nilipanda juu ya kigoda, upawa mkononi. "Kikao kimefunguliwa! Mheshimiwa wa Koekelberg ana neno?"

Koko alinitazama kama anayepima kofi. Kisha akasema, "Bon. Muheshimiwa Spika, umuulize huyu wa Kanada: ile kura, alishinda?"

"Muheshimiwa Spika, tulishindwa. Kwa kura trente-deux, thelathini na mbili. Nilijua mbele ya kuingia."

"Alors, alibakia juu ya nini?"

Tonton alizungusha kikombe.

"Niliogopa. Mbele ya juge, kortini, ninajua kusema. Mbele ya kaburi ya papa, sikujua nitasema nini."

Koko akaacha mboga.

"Kabamba."

Kanuni imevunjwa waziwazi. Spika alishuka kigodani bila kukemea.

"Hakuna muntu alisema kitu, mwanangu. Tulilia tu. Sogea hapa, nikuambie."

Akaanza na mvua, kisha kiatu cha jirani yetu Papa Séraphin kilichobaki matopeni, kisha wimbo uliowashinda katika ubeti wa pili. Tonton alivua koti, akavuta fungu la lengalenga, akalichambua vibaya sana, machozi yakimtoka.

Teksi ikapiga honi nje. Nilishuka ngazi kumwambia dereva kwamba mheshimiwa hasafiri leo. Hakuna aliyenituma.