Niliyemwita Dogo

Kwa miaka mitatu nilikuwa mdogo kuliko Wakorea wote wa kitengo chetu, na mtu ambaye hajawahi kuwa mdogo wa kitengo asinieleze habari za tabu. Siku za kazi haikuwa neno, maana kiwandani kila mtu ana mashine yake na kelele zake. Jumamosi ndiyo iliyonitoa roho. Mkuu wetu, Bwana Noh, aliamini kwamba mwanamume aliyeacha familia Korea akaja kutengeneza betri Hungaria, ukimwacha peke yake wikiendi, ataharibika. Kwa hiyo kila Ijumaa alipita kati ya meza akitangaza: kesho Vienna, kesho Zagreb, kesho milimani. Hakuulizwa mtu kama anataka. Na huko kote mimi ndiye niliyeendesha gari, niliyebeba makasha, niliyepika tambi alfajiri, niliyepiga picha ambazo mwenyewe simo.

Basi alipokuja Gi-taek, mwezi wa tatu, nusura nimkumbatie. Aliletwa na wakala, cheo chake cha chini kabisa, na kabla hata hajapata kiti nilishamuuliza swali. Sisi bila kujua nani mkubwa hatuwezi kuzungumza. Hujui hata sentensi uianzie wapi. Na kila mwaka kwetu una mnyama wake, wanyama kumi na wawili wakizunguka.

"Samahani, wewe wa mwaka gani?"

"Tisini na nne," akasema. "Mwaka wa Mbwa."

"Mimi tisini na mbili! Nyani!" Nilipiga meza. "Basi mimi kaka yako. Nikikuita dogo hutachukia?"

"Niite tu, kaka."

Alikuwa na mikunjo kidogo pembeni mwa macho, na nywele nyeusi kupita kiasi, lakini nani aangalie nywele siku ya ukombozi wake? Nilimwambia maisha yamemchosha mapema, akacheka, nami nikacheka.

Sasa ngoja niseme jinsi nilivyomtendea, kwa sababu nikiruka hapo nitakuwa nadanganya. Mtu angedhani miaka mitatu ya kunyanyaswa ilinifundisha huruma. Haikunifundisha kitu. Nilimpa mizigo yangu yote na juu yake nikabuni mingine. Kwenye gari alikaa kiti cha katikati nyuma, magoti kidevuni. Chupa ikiisha, nilimtazama tu mpaka ainuke. Mbele ya wenzetu nilimwita Mbwa Mdogo. "Mbwa Mdogo, leta maji! Mbwa Mdogo, lala mlangoni!" Heo, aliyenizidi mwaka mmoja tu na ambaye ndiye aliyenichezea hivyohivyo kabla, alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Kweli umekuwa mtu mzima, Sang-u," aliniambia. "Una wa kumtuma."

Asiyecheka alikuwa Emese. Huyu alikuwa Mhungaria wa ofisi ya wafanyakazi, amesoma Kikorea chuoni Budapest, na Mkuu Noh alimchukua kwenye safari ili atusemee mahotelini. Siku moja aliniuliza, kwa Kikorea chake safi, kwa nini Gi-taek hapati hata dakika ya kukaa. Nikamwambia ndiyo mila, mdogo humhudumia mkubwa, na mimi nilipita hukohuko. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye kitabu chake.

Mwezi wa tisa tukaenda Slovakia, milima ya Tatra. Tulifika asubuhi kwenye nyumba ya wageni, na mama mwenye nyumba akataka pasipoti zetu aandike majina kwenye fomu. Hiyo ingekuwa kazi ya Gi-taek, lakini nilikuwa nimeshamtuma ateremshe makasha. Kwa hiyo nilikusanya pasipoti tano, na kwa kuwa yule mama hakujua jina la ukoo la Mkorea ni lipi na jina lake lipi, akanisukumia fomu na kalamu. Emese alisimama pembeni yangu akitafsiri.

Nikaandika ya Mkuu Noh: kazaliwa themanini na tatu. Nikaandika ya Heo. Nikafungua ya Gi-taek.

Themanini na mbili.

Nilisoma tena. Nilidhani nimeshika pasipoti ya mtu mwingine, lakini picha ilikuwa yake, nywele zikiwa na mvi za kutosha. Alikuwa amejipunguzia miaka kumi na miwili kamili, ili mnyama wake abaki Mbwa yuleyule na asije akajikwaa siku akiulizwa ghafla. Mtu wa miaka arobaini na mitatu. Amenizidi miaka kumi. Amemzidi hata Mkuu Noh. Masikio yangu yaliwaka moto. Niliandika tarehe kwenye fomu, na nilipoinua kichwa Gi-taek alikuwa mlangoni na kasha mikononi, anaitazama pasipoti yake.

Alinifuata nje nyuma ya gari. Nilifungua mdomo nimwite kwa heshima inayomstahili, akanikatiza.

"Usiniite kitu chochote. Niite kama jana."

"Lakini wewe..."

"Nilikuwa na duka la kuku wa kukaanga. Likafa. Nina mke, nina binti yuko kidato cha pili. Wakala aliniambia wazi: yule mkuu hachukui mtu aliyemzidi umri, anasema hawezi kumwamrisha. Nikamwambia wakala, basi nitakuwa mdogo." Alikuwa anaongea haraka, macho yakiwa mlangoni. "Mkataba wangu unaongezwa mwezi ujao. Mwezi mmoja tu. Akijua leo, kesho nipo kwenye ndege. Nakuomba."

"Sitasema," nikamwambia.

"Asante, kaka."

Neno hilo lilinichoma, naapa. Lakini nitasema na la pili, ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilipumua. Kama angetaka heshima yake, mimi ningerudi kuwa mdogo wa wote, ningerudi kiti cha katikati na tambi za alfajiri. Na sasa mwenyewe ameniomba nisibadilishe kitu! Nilijiona mtu mwema kabisa, mtunza siri. Nilimwachia hata kasha la mwisho alibebe.

Mlima ulianza saa nne. Mkuu Noh mbele, amevaa kama anakwenda kupanda Himalaya, fimbo mbili, kofia, glavu. Gi-taek nyuma ya wote na begi kubwa: chupa mbili za maji moto, tambi za vikombe, kasha la kimchi, ile kabichi yetu ya pilipili, na chupa za soju, pombe yetu kali. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Sikuwahi kulitia maanani. Siku ile niliona kila hatua. Miaka mingi ya kusimama mbele ya mafuta yanayochemka, nikawaza. Mara tatu niliamua kupunguza mwendo nimsaidie, na mara tatu Heo alinitania kitu, nikajibu utani, tukaendelea kupanda.

Juu kulikuwa na ziwa dogo na majani yaliyolowa ukungu. Tulikaa, tukala, soju ikazunguka. Wapanda mlima wengine walipita wakitusalimia. Mkuu Noh alilainika, akaanza kutusifu mmoja mmoja, hali ambayo humpata baada ya kikombe cha nne.

"Huyu Gi-taek," akasema, "alikuja hajui hata kushika chupa. Mtazameni leo. Nani kamfundisha?"

"Sang-u!" Heo akapaza sauti.

"Sang-u. Basi, dogo, mtu aliyekulea hapa ugenini ni sawa na kaka wa tumbo moja. Umewahi kumwamkia sawasawa? Kama siku ya mwaka mpya, magoti na paji la uso chini?"

"Bado, Mkuu," Gi-taek akajibu.

"Ndiyo leo! Mwamkie! Sang-u, kaa vizuri, unaamkiwa."

Heo alishaanza kupiga makofi. Mambo haya yanakwenda haraka kuliko ninavyoyaandika, lakini muda wa kusema ulikuwepo. Ningesema miguu imekufa ganzi. Ningesema nina haja, nikaenda nyuma ya miamba. Ningeruka na mimi nikainama pamoja naye, tukacheka, yakaisha. Yote hayo niliyapata usiku nikiwa kitandani. Pale nilinyoosha mgongo, nikakunja miguu, nikaweka mikono magotini kama babu yangu.

Gi-taek akasimama mbele yangu. Aliweka kiganja juu ya kiganja, akapiga goti zima kwanza, kisha lile bovu, taratibu, akijishikilia na mkono. Akainama mpaka paji la uso likagusa majani. Kisogoni, pale ambapo mtu hawezi kujipaka rangi vizuri mwenyewe, nywele zilikuwa nyeupe.

"Shikamoo, kaka," akasema akiwa palepale chini.

Walikuwa wananitazama wote. Mkubwa anapoamkiwa hivyo haitikii tu, hutoa na neno la baraka. Nami nilikuwa na kiu ya kuchekesha watu.

"Marahaba, Mbwa Mdogo," nikasema. "Haya, kua, upate akili, na mwaka huu upate mke!"

Heo alianguka chali kwa kicheko. Mkuu Noh akafuta machozi. Gi-taek akainuka na majani kwenye paji la uso, akacheka kama wao, akanimiminia soju kwa mikono miwili. Nikainywa. Nilipoimeza ndipo aibu iliponishika, na ilinishika vibaya. Nilitamani lile ziwa linifunike. Mke alikuwa naye. Aliniambia asubuhi ileile.

Tulipoanza kufunga mizigo, Emese alikuja kunisaidia kuokota vikombe. Aliongea kwa sauti ya chini, bila cheo wala "bwana".

"Sang-u, mimi ndiye niliyejaza karatasi zake za kibali. Najua tangu mwezi wa tatu."

Niliendelea kuokota vikombe.

"Nilinyamaza kwa sababu ni siri yake. Na wewe nilikuwa nakusamehe kila siku. Nilisema, huyu hajui, mila zao ndivyo zilivyo, mdogo humwinamia mkubwa." Alitia kikombe ndani ya kingine. "Asubuhi nilisimama pembeni yako ulipokuwa unaandika."

"Ningekataa, Mkuu angeshtuka," nikasema. "Nilikuwa namlinda."

"Na la mke? Lile nalo ulikuwa unamlinda?"

Aliondoka na vikombe vyake. Mimi nilibaki nimeinama, natafuta takataka kwenye majani ambako hapakuwa na kitu, kwa sababu sikuweza kuinua uso.

Wakati wa kushuka nilijichelewesha makusudi. Njia ilikuwa ya mawe, inateremka sana, na kushuka ndiko kunakoua magoti. Gi-taek alikuwa anaweka mguu mmoja, anauvuta wa pili. Nikamsubiri mpaka akanifikia, nikashika mkanda wa begi.

"Kaka Gi-taek," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Kaka, nipe mimi. Tafadhali. Na unisamehe."

Aliruka kama nimemchoma moto. Alitazama mbele, kona ya njia, mahali wenzetu walipokuwa wamesimama kutusubiri, hatua kama ishirini hivi. Kisha akacheka kwa nguvu.

"Aa, kaka, acha kunitania bwana! Mzigo si wa mdogo?"

Huko mbele wakacheka. Akajivutia mkanda wake, na aliposogea karibu yangu kicheko kilikuwa kimeshamtoka. Aliongea kwa lugha ambayo hajawahi kuitumia nami, lugha ya mtu mzima kwa kijana.

"Nisikilize. Nimekuinamia mbele ya watu, umekubali. Nimelipia kila kitu, kilichobaki ni mwezi mmoja. Usije ukaniharibia kwa sababu leo roho inakusuta. Ukitaka kulia, kalie kwako."

"Ndiyo, kaka," nikajibu.

"Na usiniite hivyo."

Hakuwa na hasira. Ningependa kusema alikuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na anaogopa, na aliyemwogopa ni mimi.

"Sang-u!" Mkuu Noh akaita kutoka kona. "Mnafanya nini huko? Mwambie dogo wako aongeze mwendo, mvua inakuja!"

Gi-taek alinitazama, anangoja. Alikuwa ameshajirudishia ule uso wake wa miaka thelathini na moja. Emese naye alikuwa amegeuka, anasikiliza.

"Umesikia," nikamwambia, kwa sauti ya kuwafikia wote. "Kaza mwendo, dogo."

"Ndiyo, kaka," akasema, akatangulia, akichechemea.