Mzee Akidi na Hoja ya Spana

Chuo kizima kilimwita Mzee Akidi, kuanzia walinzi wa getini mpaka mke wa Mkuu. Jina lilimganda siku ya kumuaga mhasibu, aliposimama mbele ya keki na kisu mkononi akakataa katakata kuikata mpaka wajumbe watimie theluthi mbili. Basi la mhasibu likaondoka naye kabla hajaionja. Mzee Akidi hakujuta. Utaratibu ni utaratibu.

Alifundisha Elimu ya Uraia kwenye chuo cha ufundi, ambako kila somo jingine lilikuwa na vifaa vyake. Maseremala walikuwa na randa, washonaji cherehani, na watu wa umeme nyaya za kuchezea mpaka ziwarushe. Yeye alikuwa na chaki na sauti. Hata darasa hakuwa nalo. Kila Alhamisi mchana, watu wakiwa wameshiba na macho mazito, alipewa karakana ya mafundi bomba, na wanafunzi wake wakakalia walichokikuta humo: vyoo vya kukalia, vyeupe pe, vilivyopangwa mistari kwa ajili ya mazoezi na visivyounganishwa na bomba lolote. Kimoja chenye mfuniko kiliwekwa mbele peke yake. Hicho kilikuwa cha mwenyekiti, maana Mzee Akidi alifundisha kwa vitendo na kila kipindi chake kilikuwa kikao.

"Kiti kiheshimiwe," alikuwa akisema, na darasa zima hupatwa na kikohozi.

Darasa zima ni namna ya kusema tu. Waliohudhuria walikuwa wachache. Waliobaki walilala mabwenini. Mkuu wa chuo, bwana wa suti na haraka, alikuwa amekimezea mate kipindi hicho siku nyingi. Alishamwita ofisini akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mzee wetu, hazina yetu, lakini wanafunzi wenyewe wakilikataa hilo somo kwa kura, kipindi kitakwenda kwa wachomeleaji na wewe tutakupumzisha stoo. Stoo! Mzee Akidi alisoma madarasa ya jioni akitoka kazini na vumbi masikioni, akapanda kutoka kibarua hadi mwalimu, leo aje amalizie kugawa makoleo na kuuliza nani hajarudisha nyundo. Tangu siku hiyo chakula hakikumpita vizuri.

Alhamisi moja, Spana akanyoosha mkono. Huyu alikuwa binti wa idara ya bomba, mfupi, mwenye mikono ya kufungua chochote kilichokaza na mdomo wa namna hiyohiyo. Aliuliza kwa adabu: raia wakiwa na kitu wasichokitaka, wafuate njia gani kukiondoa?

Mzee Akidi nusura alie. Miaka yote hiyo hakuwahi kuulizwa swali lililozidi "tunaruhusiwa kutoka?" Akafundisha siku hiyo kama mtu aliyefunguliwa. Akaeleza mtoa hoja na muungaji mkono, akidi, mjadala, kura ya siri. Akaeleza kwamba mwenye maslahi kwenye jambo hatakiwi kukaa kwenye kiti. Aliandika ubaoni mpaka chaki ikabaki kama punje ya mchele. Spana alinakili kila neno, akasimama.

"Asante, Mwalimu. Basi kupitia kwako, natoa hoja kwamba somo la uraia lifutwe."

Nyuma kabisa alikaa kijana mmoja mkubwa wa umeme, aliyeitwa Fyuzi kwa sababu alikuwa akikatika mapema, yaani analala. Alizinduka, akaunga mkono, kisha akamuuliza jirani yake ameunga mkono nini.

Mzee Akidi aliona stoo hiyo, na makoleo yake. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine kilichomtia aibu: fahari. Hoja ilikuwa safi. Fupi, wazi, imepitia kwenye kiti. Aliitafuta kasoro kama mtu anayetafuta sindano, akapata moja.

"Akidi haijatimia," alisema. "Nendeni mkaitafute."

Nyumbani alimweleza mkewe, aliyekuwa akipiga pasi. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kuweka pasi chini.

"Na utaratibu wa kukufukuza wamefundishwa na nani?"

"Na mimi."

"Wote? Hatua kwa hatua?"

"Hakuna niliyoruka."

"Haya, mume wangu. Basi angalau unajua kufundisha," alisema, akageuza shati.

Alhamisi iliyofuata akidi haikutimia. Wala ile iliyofuata. Spana alipandwa na hasira. Alipita bweni kwa bweni akivuta watu mashuka, akiwaambia kwamba wakitaka kuacha kuhudhuria uraia kwa maisha yao yote, ni lazima kwanza wahudhurie uraia. Wengi walimwona kichaa, lakini wakaanza kuja, leo washonaji, wiki ijayo maseremala. Na kwa kuwa walikuwa wakisubiriana, walibishana. Je, aliyesinzia anahesabika kuwa yupo? Fyuzi akazua mjadala wa kipindi kizima bila kufumbua jicho.

Hatimaye ikafika siku karakana ikafurika. Watu walikaa juu ya matangi, juu ya marundo ya mabomba, wawili wawili kwenye choo kimoja wakipeana migongo. Mzee Akidi alihesabu, akarudia, maana moyo wake ulikuwa ukiomba akosee. Hakukosea. Akatangaza kwamba akidi imetimia, kwamba yeye ana maslahi, na kwamba anatoka nje. Wakataka Spana akalie kiti. Mshonaji mmoja akapinga, mtoa hoja hawezi kuwa mwenyekiti. Wakampa Fyuzi, kwa kuwa hakuwa na upande.

Nje, chini ya dirisha, Mzee Akidi alimkuta Mkuu ametega sikio.

"Mbona kimya? Wanapigana?" Mkuu alinong'ona.

"Wanapigana, ila kwa zamu."

Spana alizungumza vizuri. Alisema yeye anajifunza kuunganisha bomba, na raia akipata maji hahitaji hotuba. Hapo mshonaji akaomba kumpa taarifa: mabafu ya mabwenini yalikauka tangu mwanzo wa muhula, na wao wanaoga kwa ndoo. Je, fundi mwenyewe amefanya nini?

Spana alijibu, tena kwa uchungu, kwamba alishakwenda ofisini kwa Mkuu kuomba vifaa atengeneze mwenyewe. Kila mara aliambiwa jambo lake linashughulikiwa. Alikwenda peke yake, nani angemsikiliza?

Fyuzi, ambaye kwa mara ya kwanza muhula huo alikuwa macho kabisa, akasafisha koo.

"Kiti kinauliza. Leo tupo wengi. Tukilifuta somo, siku nyingine tutakutania wapi?"

Spana alimtazama, akatazama karakana iliyojaa watu aliowavuta mashuka yeye mwenyewe. Akaomba hoja yake ihamishiwe kwenye mengineyo, mwisho kabisa wa ajenda, na badala yake Mkuu wa chuo aitwe kujibu habari ya maji.

"Yupo dirishani," akasema mshonaji. "Kipara chake tunakiona."

Mkuu aliingia akijichekesha. Alikaribishwa kiti cha mgeni, kisichokuwa na mfuniko, akakaa na suti yake, magoti yakimfika kifuani. Alipojaribu kusema jambo linashughulikiwa, Fyuzi alimwomba azungumze kupitia kwenye kiti. Alitoka humo akiwa ameahidi mabomba, koki na ufunguo wa stoo.

"Wamelifuta?" mke wa Mzee Akidi aliuliza jioni.

"Bado. Limo kwenye mengineyo."

Na mengineyo hayakufikiwa. Kila Alhamisi kengele ililia wakiwa bado kwenye maji, kisha kwenye taa za njiani, kisha kwenye mlango wa maktaba. Spana na wenzake walitengeneza mabafu. Mzee Akidi akaanza kula vizuri.

Mpaka Alhamisi ya mwisho ya muhula. Ajenda ziliisha mapema. Fyuzi akageuza karatasi.

"Mengineyo. Hoja ya kufuta somo. Mtoa hoja."

Mzee Akidi aliinuka bila kuambiwa, akachukua kofia yake, akaenda mlangoni. Maslahi ni maslahi. Nyuma yake alimsikia Spana akisimama na kuhesabu watu kwa mnong'ono.

"Mwenyekiti," Spana akasema, "naona akidi haijatimia."

Mzee Akidi aligeuka. Karakana ilikuwa imeshona. Kulikuwa na watu hadi kwenye kizingiti cha dirisha. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wakimtazama yeye.

Akafungua mdomo asahihishe. Kisha akaufunga, akatundika kofia mahali pake, akarudi kukaa.